Radiali za antena wima: maswali tunayoulizwa sana Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maelezo haya ni ya wenye leseni ya redio ya ridhaa, au walio njiani kuipata, wanaotaka kusimamisha antena wima uani kwa bendi za HF, yaani mawimbi ya MHz 3 hadi 30. Mifano mingi ni ya bendi ya mita 40, yaani karibu na MHz 7. Hapo nguzo bado ni ya urefu unaobebeka, lakini waya za chini zimeshaanza kuumiza mfuko, kwa hiyo ndipo maswali hutokea.

Radiali ni nini, na kwa nini nguzo iliyosimama peke yake izihitaji?

Dipole, antena ya waya inayolishwa katikati, ina mikono miwili. Mkondo unaosukumwa mkono mmoja unapokelewa na wa pili, mzunguko ukakamilika. Antena wima ya robo wimbi ina mkono mmoja tu hewani, na mkono wa pili ni ardhi iliyo chini yake. Kila mkondo unaopanda nguzo lazima urudi kwenye ganda la koaksi, ile kebo itokayo redioni. Usipouwekea njia ya waya, utarudi kupitia udongo, na udongo hata uliolowa ni kipitishi hafifu ukilinganisha na shaba. Nguvu inayopotea humo haimfikii mtu yeyote. Inapasha moto mchanga tu.

Radiali ni waya zinazotandazwa kuanzia kitako cha antena kwenda pande zote, kama njiti za mwavuli uliolazwa. Kazi yake ni kuokota mkondo unaorudi kabla haujasafiri mbali ndani ya udongo. Mkondo huo huwa mzito zaidi karibu na kitako, na jambo hilo ndilo linaloamua ushauri mwingi ulioko hapa chini.

Fundi wa stima alinipigia fimbo ya shaba ya ethi. Haitoshi?

Kwa usalama, ni muhimu na ibaki hapo hapo. Kwa mawimbi ya HF haisaidii kitu cha maana. Mkondo wa masafa ya juu hauzami chini kama ule wa stima. Hukimbia karibu na uso wa ardhi, na fimbo moja inaugusa mahali padogo mno. Ukiongeza ya pili na ya tatu utakuwa umenunua shaba ya bei ghali iliyosimama wima mahali ambapo ungehitaji shaba ya bei nafuu iliyolala.

SWR yangu ni 1.1 na nina waya mbili tu chini. Kwa nini nijisumbue?

Hili ndilo swali linalotufanya tuandike mambo haya, maana SWR nzuri (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na koaksi, 1.0 ikiwa ulinganifu kamili) imewadanganya watu wengi kuliko mbaya.

Antena wima ya robo wimbi juu ya ardhi isiyo na upotevu wowote ina ukinzani wa omu 36 hivi kwenye kitako. Koaksi tunayotumia ni ya omu 50. Gawanya 50 kwa 36 utapata SWR ya 1.4. Maana yake antena iliyo karibu na ukamilifu itakuonyesha 1.4, si 1.1. Ukiona 1.1, kuna kitu kimeongeza omu kumi na kitu juu ya zile 36, na kitu chenyewe ni udongo. Hesabu ni rahisi: chukua omu zinazorusha, gawanya kwa jumla. 36 kwa 50 ni asilimia 72. Kwa wati 100 unazosukuma, 28 hivi zimebaki uani kwako.

Ndiyo maana mtu huongeza radiali, akaona SWR ikipanda kutoka 1.1 hadi 1.3, akadhani ameharibu, akazing'oa. Hajaharibu. Redio nyingi za kisasa hazijali 1.4, na ukipenda mita isome vizuri, kigeuzi kidogo kwenye kitako au kituna cha redio kitamaliza kazi hiyo. Kumbuka pia kwamba mzigo bandia, kile kizuizi cha kujaribia redio bila kurusha, una SWR ya 1.0 siku zote, na hakuna aliyewahi kuongea na Brazil kupitia mzigo bandia.

Basi niweke radiali ngapi?

Utasikia watu wakitaja 120. Nambari hiyo ina asili yake. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo vyao kuhusu waya za ardhini, wakiwa wametumia hadi waya 113. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa wenye vituo vya utangazaji vya AM kule Marekani desturi ya waya 120 zenye urefu wa robo wimbi. Kituo kile kinarusha kilowati nyingi usiku na mchana, na kila asilimia ni pesa. Wewe unarusha wati 100 jioni baada ya kazi. Huna sababu ya kununua kilomita moja na robo ya waya.

Kinachofaa zaidi ni kujiuliza: nina waya wa urefu gani kwa jumla, na niukateje? Jibu la watu wengi ni kukata vipande vinne virefu vya mita 10. Jibu lililo bora karibu kila mara ni vipande vingi vifupi. Karibu na kitako ndipo mkondo ulipo mzito, na ndipo panapotaka waya zilizosongamana. Huko nje mbali, waya nne zimeachana kiasi kwamba mkondo unapita katikati yake bila kuzigusa.

Makadirio yanayotumika sana ni haya. Radiali 16 zenye urefu wa sehemu moja ya kumi ya wimbi zinakuacha na upotevu wa desibeli 3 hivi, yaani nusu ya nguvu, ukilinganisha na mfumo kamili. Radiali 24 za sehemu moja ya nane ya wimbi zinaushusha hadi desibeli 2. Radiali 60 za sehemu moja ya tano zinafika desibeli 1. Kutoka hapo hadi radiali 90 za robo wimbi kamili, ambapo umebakiwa na nusu desibeli, waya unakuwa karibu maradufu na nusu desibeli uliyookoa haisikiki na sikio la mtu yeyote.

Sasa tuweke hilo dukani. Roli moja ya waya wa nyumba wa milimita 1.5 huwa na mita 90 hivi. Kwenye mita 40, wimbi zima ni mita 42 na kidogo, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ni mita 4.2. Roli hiyo inakupa radiali 20 za mita nne na nusu. Maroli mawili yanakupa 32 za mita tano na nusu, na hapo watu wengi wanaweza kuacha wakalala usingizi. Kwa maoni yetu, 16 ndiyo ngazi ya kuanzia na 32 ndiyo ya kuacha, labda udongo wako uwe wa Nakuru. Tutafika huko.

Lazima kila radiali iwe robo wimbi barabara?

Ikiwa imelala ardhini, hapana. Udongo ukishagusana na waya huubadilisha kabisa, na ile hesabu ya robo wimbi inakosa maana. Rudy Severns wa Oregon, mwenye ishara ya wito N6LF, alifanya majaribio ya makini kuhusu jambo hili na kuyachapisha kuanzia 2009. Alionyesha kwamba ukiwa na radiali chache kabisa, tuseme nne, zilizolala juu ya nyasi, kuzifupisha kunaweza hata kuongeza mawimbi yanayotoka. Ukiwa na nyingi, urefu haukusumbui tena.

Ikiwa zimeinuliwa hewani, ndiyo, urefu ni lazima. Hapo tumia 71.3 gawanya kwa megahezi, upate mita. Kwa 7.1 ni mita 10.04, kwa 14.2 ni mita 5.02; kwa 21.2 ni mita 3.36, kwa 28.5 ni mita 2.5. Nguzo yenyewe nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Kata ikiwa ndefu kidogo, halafu punguza. Waya ulio na ganda la plastiki huhitaji kupunguzwa zaidi ya ulio mtupu.

Nitajuaje kwamba zimetosha?

Usihesabu waya. Pima ukinzani.

Unahitaji analaiza ya antena. NanoVNA ile ndogo inayoingia mfuko wa shati inatosha kabisa. Iunganishe kwenye kitako penyewe, si ndani ya nyumba kwenye mwisho wa mita 20 za koaksi, kwa sababu koaksi hubadilisha kinachosomeka. Tafuta masafa ambapo X (ukinzani wa aina ya koili na kapasita) inasoma sifuri, ndipo usome R, ukinzani wenyewe wa omu. Iandike. Ongeza radiali nne, ukizigawa pande zote sawasawa, halafu pima tena. Masafa ya X sifuri yatahama kidogo kila mara, kwa hiyo yatafute upya na usisome R pale pale pa mwanzo.

Tuseme umeanza na nne ukapata omu 65. Nane zikakupa 55, kumi na mbili 50, kumi na sita 47, ishirini 45, ishirini na nne 44. Angalia jinsi hatua zinavyopungua: kumi, tano, tatu, mbili, moja. Pale mwanzo, 36 kwa 65 ni asilimia 55. Pale mwisho, 36 kwa 44 ni asilimia 82. Kati ya hizo mbili kuna desibeli 1.7. Ukiongeza nne nyingine utapata nusu omu, na hiyo ni dalili ya kupeleka pesa zilizobaki mahali pengine, pengine kwenye koaksi nzuri zaidi.

Onyo moja. Usomaji wa radiali mbili tatu za kwanza usiuamini sana, kwa sababu waya chache huwa na tabia zake. Mwelekeo wa nambari kuanzia nane kwenda juu ndio wenye maana. Tena pima siku moja, kabla mvua haijanyesha katikati ya kazi. Udongo uliolowa ghafla utakupa nambari tamu ambazo hazikutokana na jasho lako.

Udongo wa kwetu ukoje? Kuna tofauti kati ya Ahero na Nakuru?

Kubwa sana.

Uwanda wa Kano, kuanzia Kisumu kwenda Ahero na Awasi, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania gambuti mpaka mguu unakuwa mzito kama wa ndovu. Mkulima anaulalamikia, mwenye redio anaushukuru. Hushika maji muda mrefu na hupitisha mkondo vizuri kiasi. Radiali 16 huko hufanya kazi ambayo kwingine ingehitaji 30. Shida yake ni kiangazi. Januari na Februari unapasuka, nyufa za kuingiza kiganja. Waya uliozikwa ukiwa umevutwa kama uzi wa gitaa hukatika mahali ufa unapopanuka, na mara nyingi hukatika pale pale kwenye kiungo. Uache ulegee kidogo, na usiunge vipande katikati. Pia Nyando ikifurika, kisanduku cha koaksi kilichokaa chini kitakunywa maji. Kipandishe juu ya kiwango ambacho wazee wa hapo wanakumbuka maji yalifika.

Nakuru ni habari nyingine. Upande wa Bahati, Lanet, Rongai na miteremko ya Menengai, udongo mwingi ni wa majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Maji yanapita kama kwenye chekecheo, na siku chache baada ya mvua juu kumekauka. Hapo udongo unakula nguvu sana, na kila radiali unayoongeza inalipa zaidi kuliko Ahero. Ikiwa mwenzako wa Kano ametosheka na 16, wewe nenda 32 kisha uendelee kupima. Au inua radiali hewani, jambo ambalo kwa Nakuru tunalipendelea.

Kakamega, Vihiga na Kisii kuna udongo mwekundu wenye unyevu karibu mwaka mzima. Tatizo ni milima na mawe. Maragoli na Seme utakuta jabali limechomoza katikati ya ua. Usihangaike kulichimba. Tandaza waya juu yake au uzungushe.

Niko Dunga, mita hamsini kutoka ziwani. Si ni kama kuwa baharini?

La. Watu wa Mombasa wanabahatika kwa chumvi, si kwa maji. Maji ya Victoria hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi hupitisha mkondo mara mamia kadhaa chini ya yale ya bahari. Waya ulioutumbukiza ziwani hautachukua nafasi ya radiali.

Kuna faida ya aina nyingine, lakini iko mbali na kitako. Mawimbi yanayotoka kwa pembe ya chini hugonga ardhi umbali mrefu kutoka kwenye antena, kuanzia mamia ya mita, ndipo yapande. Huko huwezi kutandaza waya, unachukua ulichopewa. Uwazi wa ziwa, bila majengo wala kilima, ni mzuri kuliko mtaa uliojaa nyumba. Kwa hiyo Dunga ni pazuri, ila leta radiali zako.

Cha kuchekesha ni kwamba maji yenye magadi, ambayo kweli hupitisha mkondo, yako Nakuru, Elementaita na Bogoria. Ziwa Nakuru liko ndani ya mbuga ya taifa, kwa hiyo usimamishe nguzo ukingoni bila ruhusa. Flamingo hawana leseni ya kujibu hata hivyo.

Nitumie waya gani?

Wowote unaopitisha stima na hautaoza kabla hujaufaidi. Unene hauna uzito, kwa kuwa mkondo umegawanyika kwenye waya nyingi. Milimita 1.5 ya waya wa nyumba ni anasa, 0.75 inatosha. Ukipata kebo ya simu au ya mtandao iliyotupwa baada ya ofisi kuhamishwa, ichane utoe waya zilizomo. Ni nyembamba lakini ni za shaba, na za bure. Ganda la plastiki haliathiri mawimbi na huukinga waya, kwa hiyo usilivue.

Waya wa kufungia nondo, ule mweusi mlaini, utapata kutu upesi na hupitisha vibaya. Waya wa seng'enge uliopakwa zinki ni afadhali, utakupa miaka michache, mfupi zaidi kwenye udongo wenye asidi wa sehemu za majani chai. Aluminiamu usiizike, hasa karibu na maziwa ya magadi, kwa kuwa magadi huila. Wavu wa kuku ulionyooshwa kuzunguka kitako ni nyongeza nzuri mahali padogo, mradi uuunganishe sehemu kadhaa.

Pale katikati zinapokutana, mwambie fundi wa jua kali, soko la Kibuye pale Kisumu hawakosi, akukatie bamba la upana wa sahani na kulitoboa matundu pembeni. Tumia bolti na nati za chuma kisichoshika kutu, waya mbili kwa kila bolti, paka grisi. Shaba ikigusana moja kwa moja na zinki kwenye unyevu, kimoja kitakula kingine. Hicho kiungo ndicho kinachokufa kwanza katika antena nyingi za mwaka wa pili.

Nizizike au nizitandaze juu?

Zitandaze. Fyeka nyasi ziwe fupi kabisa, nyoosha waya, ubane kila nusu mita kwa pini ya umbo la U iliyokunjwa kutoka waya mgumu wa ua. Mvua za Machi hadi Mei zitaotesha nyasi juu yake, na kufikia Juni hutaziona wala slasha haitazifikia. Ukilazimika kuzika kwa sababu ya jembe, sentimita tano hadi kumi zinatosha. Kina zaidi kinakuondoa karibu na uso, na mkondo uko usoni.

Kama shamba ni la mahindi na wenye shamba ni wazazi, usibishane na jembe. Weka antena kando ya ua wa nyumba, radiali zielekee upande usiolimwa. Mduara usiokamilika unafanya kazi. Upande wenye waya chache utapoteza kidogo zaidi, basi.

Ploti yangu ni ya futi hamsini kwa mia. Zitaenea?

Zitaenea. Radiali za mita nne na nusu zinahitaji mduara wa mita tisa. Zikifika ukutani zipinde zifuate ukuta. Usizirudishe nyuma kuelekea kitako. Zinaweza kupita chini ya njia ya miguu kabla sakafu haijamwagwa, kuzunguka tangi la maji na nyuma ya choo. Usawa wa kupendeza macho si sharti.

Je, paa la mabati laweza kuwa radiali?

Laweza, na ni mojawapo ya njia tunazozipenda kwa mjini. Paa zima la mabati juu ya nyumba ya kawaida ni kitanda kikubwa cha chuma kilichoinuliwa mita tatu kutoka ardhini. Simamisha nguzo katikati ya paa au kwenye mwamba wa juu, ganda la koaksi liunganishwe na mabati kwa skrubu kadhaa. Inafaa sana kuanzia mita 20 kwenda mita 10. Kwa mita 40 paa dogo halitoshi peke yake. Ongeza radiali mbili za hewani za mita 10.

Mambo mawili ya kuangalia. Bati lililopakwa rangi halishikani kiumeme na lenzake mahali linapopishana, kwa hiyo kwangua rangi na upige skrubu zinazounganisha. Viungo vyenye kutu navyo hufanya kelele za ajabu redioni na kwenye televisheni ya jirani. Na paa lenye paneli za sola na inveta ya bei rahisi litakujazia kelele mpaka ujute. Zima inveta usikilize tofauti kabla hujachagua mahali.

Radiali za hewani zinafanyaje kazi?

Badala ya waya nyingi chini, unatumia mbili hadi nne zilizoinuliwa, kila moja ikiwa imekatwa robo wimbi ya bendi husika. Kwenye majaribio ya Severns ya MHz 7.2, radiali nne zilizoinuliwa mita 1.2 tu zilikaribiana sana na mfumo wenye radiali nyingi za chini. Kwa udongo wa majivu wa Nakuru, waya wa jumla ya mita 40 ulioinuliwa hewani unaweza kuifanya kazi ya mita 150 zilizolala.

Gharama yake ni usumbufu. Kila bendi inataka seti yake. Kitako lazima kiinuke pia. Ncha za radiali zina volti nyingi unaporusha, kwa hiyo ziwe juu ya kimo cha mtu mrefu mwenye mzigo kichwani, tuseme mita mbili na nusu, na zisifungwe kwenye ua wanakochezea watoto. Ncha zifungwe kwa kamba ya nailoni, si waya. Ukizishusha kwa mteremko, ukinzani kwenye kitako unapanda kuelekea omu 50, jambo zuri na la halali, halitokani na upotevu. Na weka choki, kizuizi cha mkondo unaorudi juu ya ganda, kwenye koaksi chini ya kitako, mizunguko kumi hivi kwenye bomba la PVC au ndani ya feraiti, la sivyo koaksi itajifanya radiali ya tano na kukuletea mawimbi hadi kwenye maikrofoni.

Nguzo za mkaratusi zinapatikana kila kona ya Magharibi. Ukivuta waya wima ubavuni mwa mkaratusi mkavu, ukiuweka mbali na mti kwa vipande vya PVC, umeshapata antena ya mita 40 kwa bei ya mti.

Nimeona antena fupi sokoni, imeandikwa haihitaji radiali. Ni kweli?

Nyingine zimetengenezwa kama dipole iliyosimama, na hizo ni kweli. Nyingi zina koili na kigeuzi, na radiali yake ni ganda la koaksi lako bila kukuambia.

Antena fupi ndizo zenye njaa ya radiali kuliko zote. Nguzo ya mita 5 kwenye bendi ya mita 40 ina ukinzani wa kurusha kati ya omu 5 na 6 tu. Ardhi yenye upotevu wa omu 15, ambayo antena kamili ingeivumilia na kubaki na asilimia 70, hii inabakiwa na asilimia 27 hivi, kabla hujahesabu koili. Mtu mwenye nafasi ya nguzo ndefu na mwenye nafasi ya nguzo fupi, wa pili ndiye anayepaswa kununua maroli mawili.

Ulaya wananisikia, Nairobi hawanisikii. Radiali zimeharibika?

Hazijaharibika. Antena wima inarusha chini, kuelekea upeo wa macho, na juu kabisa kichwani haitoi karibu chochote. Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 265 kwa mstari ulionyooka, umbali unaotaka mawimbi yapande karibu wima na kushuka. Kwa mazungumzo ya asubuhi ya hewani na wenzako wa nchini, vuta dipole ya bendi ya mita 40, kimo cha mita tano au sita kutoka ardhini. Wengi wetu tuna zote mbili na swichi kati yake.

Ng'ombe, mchwa na wezi?

Ng'ombe hawana shida na waya zilizobanwa vizuri. Kwato huchomoa zile zilizolegea juu. Fuko hufukua zilizozikwa. Mchwa hutafuna ganda laini, lakini wakilimaliza bado una waya. Wezi ndio kazi. Shaba ina soko, na ingawa serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022, soko lilirudi. Waya mwembamba wenye ganda, uliomezwa na nyasi, hauonekani wala hauna uzito wa kumtamanisha mtu. Bamba la shaba linalong'aa linaonekana. Tumia chuma.

Radi je?

Bonde la Ziwa Victoria, Kakamega na Kisii ni kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi, na nguzo ya mita 10 uani haifichiki. Radiali husaidia kutawanya mkondo, lakini hazilindi redio yako. Bamba la radiali liunganishwe na fimbo ya ethi, fimbo hiyo nayo iunganishwe na ethi ya nyumba. Wingu likianza kujenga saa nane mchana upande wa ziwa, chomoa koaksi na uitoe nje ya dirisha. Usiichomoe ngurumo ikiwa tayari juu yako, ondoka chumbani.

Leseni inahusu antena pia?

Leseni ya kituo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na ishara zetu za wito nyingi huanza na 5Z4. Bila leseni huruhusiwi kurusha. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, waulize watu wa usafiri wa anga kuhusu kimo cha nguzo kabla ya kuchimba shimo.

Nimemaliza. Nawezaje kuona tofauti hewani, si kwenye mita?

Ripoti za watu ni za adabu mno. Kila mtu ni tano tisa, alama ya juu. Tumia WSPR, mtindo wa kurusha ishara dhaifu zinazosomwa na kompyuta, kupitia programu ya WSJT-X, redio ikiwa kwenye MHz 7.0386, wati 5 au pungufu. Kila urushaji ni wa dakika mbili, na vituo vinavyokupokea vinaandika desibeli zako mtandaoni vyenyewe. Antena mbili ndizo zenye kusema ukweli: badilisha kati ya ile wima na dipole kila baada ya urushaji mmoja, kuanzia saa moja usiku hadi saa nne, halafu linganisha vituo vile vile, ukiweka wa karibu na wa mbali kando. Kwenye msimbo wa mahali ulipo, weka KI79 kama uko Kisumu, KI89 Nakuru, KJ70 Kakamega au Eldoret. Usilinganishe usiku wa leo na wa jana, kwa sababu anga hubadilika kwa desibeli nyingi kuliko radiali zote ulizonunua.